Mkono Uliozeeshwa na Karani

Shangazi yangu amepiga pasi mashuka ya hospitali kwa miaka kumi na tisa. Si pasi ya nyumbani. Ni ile mashine kubwa ya mvuke ambayo ukichelewa kuinua kifuniko, shuka linatoka na rangi ya chai. La kwake halijawahi kutoka hivyo.

Msimamizi wake alipohamishwa, aliacha barua kuhusu kila mfanyakazi. Aliziandika kwa Kiingereza, maana pale ofisini barua ya Kiswahili huonekana kama imekuja na kandambili. Wiki iliyofuata karani wa utumishi akamwita shangazi, ambaye hajui Kiingereza.

"Mama, msimamizi wako anasema mkono wako umezeeka. Nenda kapumzike."

Akavua aproni, akatia sahihi, akarudi nyumbani.

Likizo ilipofika nikaenda kumtembelea. Nikakuta nguo zake zina makunyanzi, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Kikombe anakishika kwa mikono miwili. Nilimbana hadi akanitolea nakala ya barua. Mimi hufundisha Kiingereza, basi niliisoma mwenyewe. Msimamizi alikuwa ameandika kwamba shangazi ni "old hand". Mzungu akisema hivyo anamsifu mtu: ameiva katika kazi, ni mkongwe wa fani. Wala hazungumzii kiungo chochote cha mwili!

Kesho yake asubuhi nilikuwa ofisini kabla karani hajavuta kiti.

"Kaka, hii uliisomaje?"

Akafungua kamusi, akaniwekea kidole. "Hili neno ni mzee. Hili ni mkono. Nimekosea wapi, dada?"

"Umekosea kuyatenganisha. Mtu akiambiwa ana mkono wa birika, utampeleka kwa fundi bati?"

Mwenzake wa meza ya pili akaangua kicheko. Karani akanuna.

"Sawa, ni kosa dogo la tafsiri."

Dogo! Mwezi mzima mtu mzima amekaa kitako akijiona gofu, halafu kosa ni dogo. Nikamuuliza kuhusu sentensi ya pili, ile inayoomba shangazi apewe wafanyakazi wapya awafundishe.

"Hiyo sikuifikia," akasema.

Hakuifikia! Barua yenyewe ina sentensi nne. Sikuondoka hapo mpaka akaandika nyingine ya kumrudisha kazini, kwa Kiswahili, na mkubwa wake akaipiga muhuri.

Nilimsomea shangazi neno kwa neno. Nilitegemea vigelegele. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasogea dirishani penye mwanga, akaninyooshea mkono wa kulia.

"Wewe umesoma, mwanangu," akasema. "Hebu uangalie vizuri. Kweli hauna kitu?"