Pamba Puani, Mwaka wa Mtihani

Enzi zetu, ukitaka kujua mtoto wa Machakos mjini ni wa nani, uliuliza ni wa baraza la duka gani. Mimi nilikuwa wa baraza la Ba. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa nje ya duka la vitambaa la mama mmoja Mhindi ambaye mji mzima ulimwita Ba, kama watoto wake walivyomwita. Mteja alinunua kitambaa ndani, akatoka nacho hatua tatu, mama akampima hapo hapo. Shule zilipokaribia kufunguliwa, foleni ilifika hadi kwa mshona viatu wa pembeni. Harufu ya kitambaa kipya cha yunifomu ikinipata leo, hata kama nina haraka, lazima nisimame kidogo.

Tukitoka shule tulicheza kati, blada na brikicho mpaka magoti yakawa meupe kwa vumbi. Mpira wetu tuliufunga kwa mabaki ya vitambaa vya mama, kwa hivyo ulikuwa na rangi za shule zote za wilaya. Tulikula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili, meno yakafa ganzi, tukaongeza mengine. Mchana mama alifungua mkebe wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, Ba akaleta chapati zake nyembamba, wakabadilishana. Ba aliukamulia muthokoi limau, akautia pilipili, akala akisema, “Nesa muno!” yaani nzuri sana. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na wakati wa kupatana bei wanawake waliotoka vilima vya Iveti walimwogopa.

Usidhani alikuwa mpole. Ukigusa satini nyeupe na mkono wa embe, alikufokea mpaka wapita njia wakakuonea huruma. Lakini kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka, alikuwa mtu mwingine. Nyuma ya stoo alikuwa na kimadhabahu chake kidogo. Aliwasha utambi wa samli, akachoma ubani, akaweka maua ya manjano mbele ya miungu yake, kisha akaketi mkekani miguu imekunjwa. Mimi na rafiki yangu Kavutha tuliketi nyuma yake, mwanzoni kwa sababu ya chevda, vitafunio vya pilipili alivyotugawia baadaye kwenye karatasi ya gazeti, halafu tukazoea. Alitufundisha kupumua: ziba tundu moja la pua, vuta kwa lingine, badilisha, achia polepole.

“Hii ya kulia ni jua,” alisema. “Jua inapiga hesabu. Hii ya kushoto ni mwezi. Mwezi inajua bila hesabu.”

Sisi hatukuhitaji kuelezwa mara mbili. Hiyo ya kushoto tuliijua: ndiyo machale. Ba alilipenda neno hilo sana. Aliliweka kwenye mahubiri yake yote: “Ukiwa na hesabu bila machale, utauza duka. Ukiwa na machale bila hesabu, duka itajiuza yenyewe.” Na ndivyo alivyokata kitambaa. Alipima mara mbili kwa rula yake ya chuma, kisha akaiweka rula chini na kupitisha kiganja juu ya kitambaa, kimya. Kiganja kikikubali, alikata. Kikikataa, alipima tena, na mara nyingi ulimkuta amegundua uzi umeenda upande.

Mama mmoja wa kanisani kwetu alimjia mama akanong’ona kwamba watoto wetu wanafundishwa mambo ya majini. Mama hakuinua hata mguu kwenye cherehani. Alimwuliza, “Kwani kupumua ni kwa Wahindi pekee?” Yule mama akaondoka na sketi yake ikiwa bado haijapindwa.

Basi tukaingia darasa la nane. Wale wa rika langu mnajua darasa la nane lilivyokuwa. Mtihani wa kitaifa ulikuwa kama kiyama chenye ratiba. Baba alikuwa amefariki nikiwa darasa la tatu, na mama alikuwa ameweka tumaini lake lote kwenye shule moja ya wasichana ya bweni, ambayo alishona sketi zake lakini hakuwahi kuingia langoni mwake. Mimi hesabu zilinisumbua. Ndipo mimi na Kavutha tukafikiri kama wanasayansi: ikiwa tundu la kulia ndilo la hesabu, la kushoto lina kazi gani mwaka huu? Tuliiba pamba ya mama ya kujazia mabega ya makoti, tukaziba pua ya kushoto. Muhula wote wa tatu tulipumua kwa jua peke yake. Mwalimu alifikiri tuna mafua yasiyopona, akatushauri tunywe chai ya tangawizi.

Lililonipumbaza ni kwamba alama zangu zilipanda. Leo najua zilipanda kwa sababu nilikuwa nimeanza kusoma, lakini wakati ule utukufu wote ulikwenda kwa pamba.

Ba alitugundua wiki moja kabla ya mtihani. Kavutha alipiga chafya, pamba ikaruka ikatua kwenye sinia la maua. Ba alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akakasirika. Alichukua mkasi wake mkubwa, akaupanua mbele ya macho yetu.

“Nyinyi mnataka kukata nguo na mkasi ya upande moja? Eh? Toa hiyo takataka!”

Kavutha alitii. Mimi niliitoa, na kesho yake nikairudisha.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya mtihani nilipita barazani kuaga. Mama alikuwa ameshaketi kwenye cherehani. Kila siku alifanya kazi akiimba nyimbo za kanisani, lakini siku hiyo alikuwa kimya, ameinamia kitambaa, mkono mmoja tumboni. Chai yake ilikuwa imefanya utando juu. Kitu kilinigusa. Nilisimama.

“Mwaitu,” nilimwita mama kwa Kikamba, “uko sawa?”

“Niko sawa. Ni joto tu. Enda, utachelewa.”

Nilipiga hesabu. Mtihani unaanza saa mbili na nusu. Mama amesema yuko sawa. Mama hadanganyi. Jibu: niende. Nikaenda, pamba ikiwa puani, na yale machale yaliyonifuata hadi kwenye geti la shule niliyafukuza kama mbuzi wa jirani.

Jioni nilirudi nikikimbia, nikiwa na hamu ya kumwambia kwamba hesabu zimekubali. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Duka lilikuwa limefungwa kwa kufuli mbili, Jumanne, mwezi wa Novemba, wakati ambao Ba hakufunga hata alipougua yeye mwenyewe. Mshona viatu aliniambia Ba amempeleka mama hospitali tangu saa nne asubuhi. Sikumbuki nilifikaje huko. Nakumbuka Ba akiwa kwenye benchi, viatu amevua, anapumua kwa tundu moja, kisha kwa lingine. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Daktari alisema wangengoja hadi mchana, wangekuwa wanaongea mambo mengine. Nilienda kulia chooni, nikaitoa ile pamba nikaitupa, na sijawahi kujichukia hivyo tangu siku hiyo.

Mama alipona. Aliporudi nyumbani nilimwuliza Ba alijuaje.

“Kwanza nilihesabu,” alisema. “Chai hajakunywa. Pindo ameshona imeenda upande, na mama yako hajawahi shona upande. Lakini hesabu ilisema, huyu ni mtu mkubwa, ngoja mpaka saa kumi nikifunga. Miguu yangu ndiyo ilikataa kungoja.”

Sikumwambia kwamba mimi pia niliiona ile chai.

Nilipita mtihani, nikaenda ile shule ya bweni, nikavaa sketi iliyoshonwa na mama. Nilipofika kidato cha tatu, Ba alichukuliwa na mwanawe wakahamia ng’ambo. Kwenye duka lake sasa wanauza simu na vifuniko vya simu, na barazani hakai mtu. Watoto wa siku hizi, Mungu awabariki, hawajui kati wala blada. Binti yangu ana programu kwenye simu inayomkumbusha kupumua. Inalia kengele, anafumba macho dakika moja, kisha inampongeza. Nilimwuliza siku moja kama ana machale, akaniuliza hiyo ni ya kudaunlodi wapi.

Desemba iliyopita nilienda kumsalimia mama. Tulikuwa tunachambua maharagwe, na sijui kilichonisukuma, nikamwambia. Nilimwambia kwamba asubuhi ile niliona. Niliona mkono tumboni, niliona chai, moyo ukaniambia usiende, nami nikaenda. Nilikuwa nimeibeba siri hiyo miaka zaidi ya ishirini, na nilipoisema nililia kama mtoto.

Mama hakuacha kuchambua.

“Nilijua umeona,” alisema. “Nilikuona ukiniona. Ndiyo nikainama, usinione uso. Ungeniona uso, ungebaki, na ungekosa mtihani.”

“Na kama ungekufa?”

“Ba alikuwa pale ndani. Nilijua hataniacha.”

Kumbe kwenye lile baraza kila mtu alikuwa anamsoma mwenzake bila kusema neno: mimi namsoma mama, mama ananisoma mimi, Ba anatusoma wote kutoka nyuma ya vitambaa. Kazi ilikaa hatua tatu kutoka dukani, na mtu hakuweza kuficha hata maumivu ya tumbo. Sasa mimi nakaa Syokimau, mama yuko kule nyumbani Machakos. Kila jioni nampigia simu, ananiambia yuko sawa, nami sina la kufanya ila kumwamini.