Nilisaini kwamba juisi ya vape haina nikotini bila kuipima, shemeji akanusurika kifo

Wakuu, mwangaluka.

Nimekaa na hili jambo wiki kadhaa. Leo naliweka hapa lilivyo. Sehemu ya aibu ni yangu na sitaipunguza.

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kuandaa kemikali za practical, kuosha vyombo na kuomba Mungu wanafunzi wasiunguze kitu. Mtaani wananiita "mkemia". Jina hilo lilinilevya, nakiri.

Kaka yangu Maganga ana duka la vifaa vya simu karibu na sokoni. Mwaka jana akaanza kuuza vape, hizi sigara za umeme. Akaagiza kutoka Dar dumu la juisi yake, ladha ya embe, lebo imeandikwa haina nikotini. Mpango ulikuwa kuigawa kwenye vichupa vidogo.

Mke wake, shemeji yangu Konsolata, akagoma kuigusa. Ni mzaliwa wa Ulyankulu, amekulia kwenye mashamba ya tumbaku, anajua yale majani yanavyoweza kumlaza mtu kitandani. Akasema mpaka apatikane mtaalamu aipime.

Mtaalamu nikawa mimi.

Sasa wakuu, kupima nikotini kunataka mashine ya kutenganisha kemikali moja moja. Shuleni kwetu hatuna. Nilichofanya ni kuchanganya matone machache na maji, nikachovya karatasi ya litimasi nyekundu.

Ikageuka bluu.

Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Nikotini ni alikali, inageuza litimasi hivyohivyo. Gliserini na propilini glaikoli, ambazo ndizo mwili wenyewe wa ile juisi, haziwezi kufanya vile. Nilijua. Nikajiambia ni sabuni iliyobaki kwenye chombo.

Nikaandika karatasi: sampuli imepimwa, haina nikotini. Nikasaini. Kaka akaibandika dukani.

Konsolata aliniuliza uso kwa uso, "Shemeji, umepima mwenyewe?"

Nikamjibu, "Nimepima."

Wiki kama mbili baadaye, Jumamosi asubuhi, alikuwa uani kwao akijaza vichupa kwa mikono mitupu. Dumu likamteleza, juisi ikamlowesha kitenge chote mapajani. Hakubadilisha. Abadilishe kwa nini, wakati shemeji yake alishapima?

Mimi nilifika pale kumsalimia mama yake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea. Nimesema shikamoo, kabla sijaitikiwa Konsolata akainuka, akashika ukuta, akatapika. Jasho linamtiririka, mate yanamjaa mdomoni, mikono inatetemeka kama anachekecha unga.

Mama yake hakupiga kelele. Alinusa kile kitenge, akaniambia nigeuke na niite bajaji. Huku nyuma nikasikia anakivua, anammwagia maji, anamsugua kwa sabuni.

Tukampitia kaka dukani, tukaenda hospitali.

Daktari, dada mmoja mtulivu, akauliza amemwagikiwa na nini. Mama akamweleza kwamba amechuma tumbaku yenye umande maisha yake yote, sumu yake hupenya kwenye ngozi, na hali aliyonayo binti yake anaijua, ni tumbaku. Kaka akakataa. Akatoa simu, akamwonyesha picha ya karatasi yangu.

Daktari akaanza kuwaza mambo mengine. Akauliza kama nyumbani kuna dawa ya kuulia wadudu. Akataja malaria. Konsolata anahema kwa shida na macho yameanza kupotea.

Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye uliyepima?"

Kaka ananiangalia. Mama ananiangalia.

"Sikuipima, daktari," nikasema. "Sina kifaa. Litimasi iligeuka bluu nikaipuuza. Nadhani ni nikotini."

Hakunilaumu, hakuwa na muda huo. Akaagiza aoshwe upya mwili mzima, akawekewa dripu na oksijeni, moyo ukawa unafuatiliwa kwa mashine. Sisi tukakaa benchi la nje, mimi mwisho huu, kaka mwisho ule.

Ilipokaribia saa tisa alasiri nesi akatoka, akasema ametulia na anaomba maji ya kunywa. Nilienda nyuma ya jengo nikalia.

Sampuli tuliituma kwenye maabara kubwa, mbali na hapa. Majibu yakarudi: gliserini, propilini glaikoli, vionjo vya embe, na nikotini kali kiasi kwamba mkemia wa kule alinipigia simu kuuliza kama kuna mtu aliyeigusa. Kwa hiyo lebo ilidanganya. Lakini Konsolata hakuiamini lebo, aliniamini mimi.

Kazini nilijisema mwenyewe, nikapewa onyo. Kaka hadi leo ananisalimia kwa kichwa tu. Konsolata ndiye aliyenisamehe upesi, na maneno yake ndiyo yanayoniuma zaidi: "Shemeji, ungesema hujui, heshima yako ingebaki palepale."

Hilo ndilo funzo langu. Mtaalamu asiyeweza kusema "sijui" ni hatari kuliko asiyesoma kabisa.

Tumezunguka mji mzima kwa baiskeli kukusanya vichupa vilivyouzwa. Bado vitatu. Alivinunua baba mmoja mrefu, ana kovu kwenye kidevu, aliyekuwa anasubiri treni ya Kigoma. Mgongoni alikuwa na begi, mkononi mtoto wa kike wa kama miaka miwili.

Ndugu zangu wa Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma mwisho wa reli: ni kichupa cha plastiki, kifuniko cheusi, kina picha ya embe. Kinanukia embe pia. Ukikiona, usikifungue wala kukimwaga kwa mikono mitupu. Kiweke juu mtoto asipofika, kisha ukipeleke kituo cha afya.

Nilaumuni hapo chini, nitasoma yote. Ila anayemjua huyo baba aandike kwanza.