Tairi za Kimya Zilizonifikisha Bafuni kwa Baba Mkwe

Jamani, aibu hii nimeificha miezi minne, na ningeendelea kuificha kama Zuhura, mchumba wangu, asingekuwa ameshawasimulia walimu wenzake wote kule Soga anakofundisha, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe, angalau nitajihurumia kidogo.

Mnalijua gari langu, kale kadogo ka haibridi kanakotumia petroli na umeme, ambako kakienda polepole kanazima injini na kutembea kwa betri tu, kimya kama paka anayevuka ukumbi. Mimi ni mtu wa kuandika riwaya, kimya kile kilinilevya tangu siku ya kwanza. Tairi zake zilikuwa zimeisha kabisa, vipara vinne, na mjomba Shabani, ambaye alikubali kuwa mshenga wangu na kupeleka barua ya posa kwa wazazi wa Zuhura huko Kurui, aliniambia wazi kwamba hapandi gari lenye tairi zinazong'aa kuliko kichwa chake.

Sasa, mnajua muoaji haendi kwenye posa yake. Wazee ndio wanaokwenda, yeye anabaki nyumbani kung'ata kucha. Lakini mjomba lile gari limemshinda (kila akiliwasha asiposikia mngurumo anasema limekufa, anashuka), na kutoka Kibaha mpaka Kurui si mwendo wa kutembea, basi tukakubaliana nitaendesha mimi, nimshushe kabla ya nyumba, nijifiche kwenye mikorosho mpaka amalize. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona ni la kipaji: gari la kimya nikilivisha tairi za kimya, nani atajua kwamba nilikuwepo?

Nikaenda kwa Mdoe, fundi tairi wa hapa Maili Moja. Akanitolea aina mbili. Za kwanza zilikuwa na kashata nene, yale meno ya mpira yanayong'ata ardhi, zimekaa pale kama mabaunsa. Za pili zilikuwa za lami, laini, zimechorwa mistari myembamba iliyopinda kama mwandiko wa mtu aliye kwenye mapenzi. Nikazigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji, kisha nikazitegea sikio. (Ndiyo, nilipiga magoti mbele ya wateja.)

“Kaka, unasikiliza nini humo?” Mdoe akauliza.

“Kelele.”

“Tairi imelala chini, itapiga kelele gani? Niambie unakwenda wapi nikupe ya huko.”

“Kurui.”

“Na mvua hizi? Chukua za kashata. Zitavuma kidogo njiani, lakini utafika na heshima yako.”

“Sitaki zivume.”

“Hizi nyingine zinanong'ona tu,” akasema, “ila kwenye tope utateleza kama kambale. Mimi nimeshakwambia.”

Jamani, mtu akishaniambia kitu kinanong'ona, nimekwisha. Nikamwambia funga zote nne.

Jumamosi ya posa tukaondoka asubuhi. Mpaka Mlandizi nilikuwa mbinguni, lami imelowa inang'aa, gari linateleza juu yake kama wino kwenye karatasi nzuri, na mjomba amesinzia na kanzu yake nyeupe, barua mkononi, doti ya kanga ya mama mkwe mapajani. Tulipoiacha lami kushika njia ya Maneromango mkia wa gari ukaanza kucheza. Mjomba akafumbua jicho moja. Nikamwambia ni upepo.

Tukafika kwenye kona ya mwisho. Nyumba ya akina Zuhura iko chini, mwisho wa mteremko. Nikasimama.

“Mjomba, shuka hapa.”

Akafungua mlango, akaangalia tope, akaangalia kanzu, akafunga mlango.

“Niende kuposa nimepakaa udongo mpaka magotini, wanione fundi tofali? Sogea mbele.”

“Wataniona.”

“Watakuonea wapi na gari lenyewe halisikiki? Sogea, mwanangu, usinichoshe.”

Nikasogea. Hatua moja tu, nawaapia, na mteremko ukatupokea. Nikakanyaga breki, gari likaendelea. Nikakata usukani kushoto, gari likaenda kulia kwa utulivu mkubwa, injini imezima, tairi zinanong'ona vilevile kama nilivyoahidiwa, wala kuku hakushtuka, mbuzi mmoja akatuangalia tukimpita kiubavu huku anatafuna.

“Simamisha!”

“Nimesimamisha!”

“Mbona tunakwenda?”

Tukaizunguka nyumba, tukaingia uani, na hapo uani kulikuwa na bafu la makuti. Hatukuligonga, tuliliegemea tu, na ukuta wake ukalala juu ya boneti taratibu kama mtu anayetandika shuka. Na nyuma ya ukuta huo, kopo mkononi, povu kuanzia utosini mpaka magotini, alikuwa amesimama Mzee Athumani, baba yake Zuhura, anaoga ili awapokee wageni akiwa nadhifu.

Tukatazamana. Kilichosema si mimi, ni malezi ya mama yangu:

“Shikamoo, baba.”

Naye, nadhani ni malezi ya mama yake:

“Marahaba.”

Halafu akajitazama. Ukelele alioupiga ndio uliowaambia kuku kwamba kuna jambo. Nikainyakua ile doti ya kanga nikamrushia kupitia dirishani, mjomba akilia, “Hiyo ya mama mkwe!” na jiko zima likamwagika uani, shangazi mtu na mwiko wake, Zuhura na sahani ya vitumbua. Aliponiona mimi, kisha akamwona baba yake ndani ya kanga ya maua ya waridi, alikaa chini kwenye tope akacheka mpaka vitumbua vikamponyoka. Bibi yake akashika kiuno.

“Wenzio hutanguliza barua, wewe umetanguliza gari! Una haraka gani, mjukuu wangu?”

Mzee Athumani akarudi amevaa kanzu, povu bado limo sikioni. Mjomba (ambaye alianguka aliposhuka, tope mpaka kifuani) akampa barua kwa mikono miwili. Mzee hakuifungua.

“Kijana, gari lako lina nini hata lije kama nyoka?”

“Linatumia umeme, baba. Na tairi nilichagua za kimya.”

“Ili nisikusikie.”

“Ndiyo, baba.”

Akajifuta povu la sikioni. Zuhura naye akaacha kucheka, nami sikuwahi kumwona anaogopa.

“Barua nimeipokea,” mzee akasema. “Jibu sina. Mtu aliyeanza kwa kunivua nguo mbele ya mama yangu, nitampaje mwanangu?”

“Bafu nitalijenga upya, baba.”

“Umewahi kusuka kuti?”

“Sijawahi.”

“Basi utajifunzia hapa, nikikuona.”

Wiki tatu nilikwenda Kurui kwa bodaboda kila Jumamosi. Bibi ndiye aliyenifundisha. Kuti langu la kwanza alisema mbuzi anapita na mtoto wake, la pili akasema mbuzi peke yake. Mzee alikaa barazani akinitazama. Jumamosi ya tatu, nikiwa nafunga kamba ya mwisho, akachukua ndoo, akapita mbele yangu, akaingia. Nikasikia maji.

“Umeziba vizuri?” akauliza kutoka ndani.

“Nimeziba, baba.”

“Zunguka utazame kama naonekana.”

Nikazunguka pande zote nne.

“Huonekani, baba.”

Maji yakamwagika kwa muda mrefu.

“Basi mwambie mjomba wako aje tuzungumze mahari. Na aje kwa miguu.”

Nikachekea kiganjani nisisikike. Toka siku hiyo nimeapa, nikikaribia kwa watu napiga honi, nakohoa, naita hodi tangu barabarani, hata kama wananiona.