Wimbo Uliobaki Mchezo Ulipofungwa

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita mwalimu wake wa muziki alipompa wimbo wa jazi wa zamani. Angeupiga kwa tarumbeta kwenye tamasha la shule, lakini kwanza angewaeleza watu ulikotoka. Tulikuwa tumehamia ughaibuni, mtaa wa South End, hapa Louisville. Mimi nilipanga maboksi ghalani, mama yake alitunza wazee.

Alichokipata kuhusu wimbo huo, binti yangu alinisimulia jikoni. Wimbo ulitungwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani. Mchezo haukupendwa, ukafungwa mapema; wimbo ukabaki. Mwanzoni uliimbwa polepole, wa mapenzi. Baadaye wapiga jazi weusi waliuchukua, wakaupa mwendo wa kuyumba unaofanya mguu upige sakafu wenyewe. Sehemu ya kwanza hupigwa mara mbili, ya kati hubadili njia, kisha ya kwanza hurudi.

Kilichomshinda ni kubuni. Baada ya kuupiga kama ulivyoandikwa, alitakiwa aache karatasi na kutunga sauti zake papo hapo juu ya akodi zilezile, yale mafungu ya sauti yanayobeba wimbo. Kila akijaribu, alirudia yaliyoandikwa. Siku moja aliweka tarumbeta mezani, akasema kwa Kiingereza kwamba muziki huu si wetu.

Maneno hayo yaliniuma. Kwetu, milimani Kivu Kusini, nilikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Nikamweleza kwamba nyimbo zetu nyingi zilitoka kwenye kitabu cha wamisionari, lakini mama yangu, koko yake, hakuwahi kuimba ubeti wa pili kama wa kwanza. Sauti zetu ziliposhuka, yake ilipanda. Alichelewa hadi tukadhani amepotea, kisha tukakutana naye kwenye neno la mwisho.

"Alijua tunaenda wapi," nikamwambia. "Donc, ndiyo maana hakuogopa kupita pembeni."

Alifikiri kidogo, akaniomba nitoe gitaa. Alinionyesha akodi, nikazipiga polepole, tukazunguka nazo mpaka vidole vikaniwaka. Alipotea mara nyingi. Halafu zikatoka sauti tatu ambazo hazikuwa kwenye karatasi, naye akanitazama kwa mshangao. Sikusimama, nikaendelea kupiga ili asikose pa kukanyaga.

Tamasha lilikuwa Jumamosi mchana. Alisimama akaeleza habari za ule mchezo uliosahauliwa, kisha akaongeza jambo ambalo hakuwa ameniambia: kwamba kubuni alifundishwa na baba yake, mpiga gitaa wa kwaya kutoka Kongo. Watu wakageuka kunitazama. Mke wangu akanishika mkono, nami nikakaa wima kwenye kiti.

Akapiga. Zamu yake ya kubuni ilipofika alifumba macho, akapanda, akachelewa, akatua pamoja na wenzake. Watu walipiga makofi kabla wimbo haujaisha.

Baadaye mwalimu alinifuata mlangoni, akaniuliza kama ningeweza kuja na gitaa Jumatatu, nipige na wanafunzi wake. Nilimjibu kwamba Jumatatu niko kazini.

"Alhamisi je?" akauliza.

Binti yangu akajibu kabla yangu: "Alhamisi Papa ana nafasi."