Mtu wa Tano Yuko Kulamawe

Nilitoka Nakuru kwenda Isiolo kumtafuta mtu wa tano. Yote yalianza na simu ya Nkirote, ambaye nilicheza naye mpira wa kikapu katika timu ya wasichana ya shule yetu ya sekondari, na ambaye mpaka leo akikupigia haanzi na salamu, anaanza na amri.

"Safia, Mwalimu Mutuma anastaafu. Jumamosi shule inamuaga. Amekataa zawadi zote, anasema anataka kitu moja tu, aone wale watano wake wakipasiana mpira mara ya mwisho. Mimi niko. Akiru anatoka Ngaremara. Nasibo ako hapa town. Wewe unakuja. Imebaki Daki, na simu yake haishiki."

Akaniambia mtu lazima aende Kulamawe kumleta Daki, na mtu huyo ni mimi, kwa sababu mimi ni mrefu na nitaonekana kutoka mbali. Nilitaka kukataa. Nina duka la dawa la kuangalia, magoti yangu yanalia kila nikipanda ngazi, na mara ya mwisho kushika mpira ule nilikuwa ninamnyang'anya mwanangu sebuleni. Lakini nilipomtajia mume wangu jina la Mwalimu Mutuma nilijikuta nimeanza kusimulia mechi za zamani. Akaniambia nifunge mkoba tu.

Alhamisi alfajiri nilipanda lori la binamu yangu Jama, aliyekuwa akipeleka viazi Isiolo. Kwetu ni watu wa malori. Babu yetu aliletwa Isiolo akiwa askari wa Mwingereza, vita vikaisha, akabaki, na tangu hapo ukoo mzima ni usukani na kamba za kufungia mizigo. Jama ana sheria moja ndani ya lori lake: mwenye kusinzia atashuka. Basi nilipiga domo mpaka Nanyuki, tukanywa chai ya moto, nikaendelea.

Baada ya Timau mashamba ya ngano yanaisha na barabara inaanza kuteremka. Mtu wa Isiolo hahitaji kibao pale. Sweta inakuwasha mwilini, unaivua, na tambarare yote inafunguka chini yako, ya rangi ya ngozi ya ngamia. Tulikuwa tukirudi kutoka mechi za Meru kwa njia hiyohiyo, tumefungwa vibaya, tukilia ndani ya basi la shule, na joto likianza tu kuingia madirishani kuna mmoja angeanza kuimba. Nilikumbuka hivyo machozi yakanitoka. Jama akajifanya anaangalia kioo cha pembeni.

Tulikuwa tukifungwa kwa sababu ya macho yetu. Mwalimu Mutuma, kijana wa Kimeru aliyekuja na filimbi shingoni na matumaini mengi, alitufundisha kwa kupiga kelele, "Angalia unayempa!" Nasi tulikuwa watiifu. Tulimkodolea macho yule tunayempa, na wapinzani nao wakamkodolea, mpira ukaishia mikononi mwao. Zaidi ya hapo walicheka hijabu zetu na suruali ndefu tulizovaa chini ya kaptula. Uwanja wetu ulikuwa wa murram, udongo mwekundu wa changarawe, kando ya ua, na mbuzi wa jirani walipita katikati ya mazoezi bila kuomba ruhusa.

Kisha kidato cha pili akaja Daki, msichana wa Kiborana kutoka Kulamawe, mfupi, mkimya, hajawahi kuona kikapu cha mpira. Alikaa ukingoni akatutazama siku kadhaa. Siku moja akasimama.

"Mwalimu, usikasirike. Kwetu kisimani, mwenye kuangalia ndiye anamwaga."

Akatupanga mstari. Akachukua kijibati cha mafuta ya kupikia kilichokatwa mdomo, akakijaza maji, akaanza kuimba wimbo wao wa kunyweshea mifugo, na kijibati kikawa kinapita mkono kwa mkono kwa mdundo wa ule wimbo. Ukikiangalia unakaza mikono na maji yanaruka. Ukiangalia mbele na kuufuata wimbo, mikono ya mwenzako iko palepale ilipokuwa. Tulilowana wiki nzima. Mwalimu akaweka filimbi mfukoni, akakaa chini. Muhula uliofuata tulipopanda Meru hakuna aliyejua mpira wetu unakwenda wapi, na njia ya kurudi tuliimba tangu getini.

Isiolo tuliingia mchana. Mji umejaa maghorofa lakini harufu ni ileile, vumbi, dizeli, maziwa ya ngamia yaliyofukizwa moshi. Nkirote alinikumbatia, akanisukuma nyuma anitazame, akasema, "Umenona! Utazuia watu watatu peke yako." Jioni tulimwendea Mwalimu Mutuma nyumbani kwake. Nywele zimekuwa nyeupe na mgongo umeinama kidogo, ila alinyoosha mkono akapima urefu wangu kama zamani, aone kama nimeongezeka.

"Hawa watu wanataka kunipa blanketi," alilalamika. "Niko Isiolo, na joto yote hii, nifanye nini na blanketi? Nileteeni Daki. Kama si huyo msichana ningekuwa nilirudi kwetu kulima kahawa."

Nilimwahidi. Nikatoka pale nikijilaumu, kwa sababu si vizuri kumwahidi mzee kitu ambacho hujakishika.

Ijumaa asubuhi tuliomba nafasi, mimi na Nkirote, katika gari la mfanyabiashara wa mbuzi. Barabara ya Kulamawe imeboreshwa siku hizi, lakini vumbi halijapewa habari hiyo. Mvua ilikuwa imekosekana misimu kadhaa, na kando ya njia miti ya migunga ilisimama bila jani. Nyumbani kwa Daki tulipokelewa na mama mkwe wake, ambaye wote pale walimwita Ayo, yaani mama.

"Salaam aleikum, Ayo."

"Aleikum salaam. Kaa, kunywa chai. Ng'ombe imeenda mbali na wanaume, kutafuta majani. Hii ni maziwa ya mbuzi, msiseme tumewanyima."

Tulikunywa. Tulipomuulizia Daki, alinyoosha kidevu kuelekea laga, mto wa mchanga unaopitisha maji msimu wa mvua tu. Zamu yao ya kisima ilikuwa siku hiyo na kesho yake, akatueleza. Baada yao ni ukoo mwingine, na ukikosa zamu yako mbuzi wako wanangoja mpaka irudi. Kwa hali waliyokuwa nayo wale mbuzi, nilielewa kwamba wengine wasingeweza kungoja.

Tulishuka lagani tukifuata sauti. Wimbo niliujua kabla sijaona kitu, nikaanza kutembea haraka, magoti nimeyasahau. Kisha nikasimama ghafla, kwa maana nilisikia jina langu.

"Safia, pokea! Nkirote, pokea! Akiru, pokea!"

Kilikuwa kisima kilichochimbwa mchangani, kirefu kwenda chini, chenye vidato vya kukanyagia kandokando. Katika kila kidato alisimama mwanamke, na vibati vya maji vilipanda mkono kwa mkono mpaka juu kwenye hori walikokuwa mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyeangalia kibati. Sauti ilitoka chini kabisa. Nilichungulia nikamwona Daki, maji yakimfika magotini, anachota na kuimba.

"Daki!" Nkirote alipiga kelele.

Wimbo ukakatika. Akatazama juu, akatuona, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili, na kibati kikaanguka majini. Hakuweza kupanda, mbuzi walikuwa wanalia, basi alicheka na kulia hukohuko chini. Mwanamke aliyesimama juu yake tu, wifi yake aitwaye Tume, aliniangalia kuanzia miguuni.

"Wewe ndiye Safia?"

"Ndiyo mimi."

"Haiya! Miaka yote hii mimi ndiye Safia." Wenzake wakaangua kicheko. "Tukisimama hapa anatuita hivyo. Mimi nilifikiri labda ni majina ya malaika."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nilikuwa nimemkumbuka Daki mara chache sana kwa mwaka, siku za Idi, au nikiona mpira kwenye televisheni. Yeye alikuwa akiniita kila zamu.

Mbuzi wa asubuhi walipomaliza kunywa, alipanda tukakumbatiana, mchanga na maji vyote vikanipata. Tukampa ujumbe wa Mwalimu. Aliusikiliza wote, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Kesho ni zamu yetu bado. Nikitoka, mstari umekatika."

"Mimi nitabaki nishike nafasi yako," Nkirote akasema.

"Halafu Mwalimu aone watu wanne? Na wa chini si mtu wa kubadilisha. Huu mchanga unaanguka. Mimi najua ukuta wake, wewe utakufunika." Akanishika mkono. "Mwambie nilitaka. Wallahi mwambie nilitaka sana."

Tulisaidia zamu ya mchana, maana kukaa tu tungeona aibu. Nilisimama kidato cha juu ya Tume, nikaletewa kibati cha kwanza, nikakiangalia. Maji yote yalinimwagikia kifuani. "Safia wa mjini amesahau!" Tume akapiga kelele, na lagani kote wakacheka. Ilinichukua vibati vingi mpaka mikono ikakumbuka.

Jua likielekea kuzama tulipanda kilima chenye mtandao, Nkirote akampigia Mwalimu. Alimweleza bila kupamba: Daki hawezi kuja, watano hawatapatikana, samahani sana. Kisha tukamsikia akiuliza kitu kimoja.

"Zamu inaanza saa ngapi?"

Jumamosi mchana lori la Jama lilitokea kwa vumbi lake. Akiru na Nasibo waliruka kabla halijasimama vizuri. Nyuma yao akashuka Mwalimu Mutuma katika suti nyeusi, tai shingoni, na lile blanketi mabegani, kwa maana alitoroka hotuba za mwisho kabla hajapata pa kuliweka. Daki hakupanda kumsalimu. Aliinua mkono kutoka chini akasema, "Mwalimu, ngoja, mbuzi kwanza," naye akajibu, "Ndiyo, ndiyo, endelea."

Tume na wenzake wakatuachia vidato, wakakaa juu kutazama. Daki chini, mimi, Nkirote, Akiru, na Nasibo juu kabisa. Wimbo ukaanza. Safia, pokea. Safari hii ilikuwa ni mimi mwenyewe, na nilipokea nikiangalia anga. Vibati vilipanda bila tone kupotea, na nilihisi furaha ambayo nilidhani niliiacha shuleni pamoja na sare. Mwalimu alivua koti, akavua tai, akaja kusimama kwenye hori baada ya Nasibo. Akapokea kibati cha kwanza, akakikodolea macho kama mtihani, na maji yote yakaishia kwenye suruali ya suti.

"Mwalimu!" Daki aliita kutoka chini. "Mwenye kuangalia ndiye anamwaga!"

Sijawahi kumwona mtu mzima akicheka vile. Alijifuta machozi kwa blanketi, akageuza uso kuelekea milima, akanyoosha mikono. Hakumwaga tena.

Mbuzi walipotosheka, Ayo alikuja na chai, akamwuliza, "Na huo mchezo wenu, mtacheza lini?"

"Tumeshacheza, mama," Mwalimu akasema. Akalitoa blanketi mabegani akampa Daki, aliyekuwa amepanda akitetemeka kwa kukaa majini.

Tuliagana kabla ya magharibi. Nilimwambia Daki aje na sisi walau wiki moja akapumzike Nakuru, akasema tutaona mvua ikinyesha. Tume akanisindikiza mpaka kwenye lori.

"Enda salama. Usijali nafasi yako. Mimi niko hapo."

Jumapili nilirudi Nakuru na viazi havikuwepo tena nyuma, ila mikono yangu ilikuwa na malengelenge ya kutosha. Huwa ninawaambia watu hapa kwamba mpira wa kikapu nilifundishwa shuleni. Nilikuwa ninasema nusu tu. Nilifikiri pia timu yetu ilivunjika siku tulipomaliza mtihani wa mwisho, kila mtu na njia yake, na nilikuwa nimekubali hivyo. Sasa ninaandika haya dukani, Ijumaa. Zamu yao imerudi leo. Kule lagani wakati huu Daki ameingia majini, anaita Safia, na kuna mtu anapokea.