Upande wa Kushoto wa Mama

Tangu mama atoke hospitali, nyumbani kwetu tunakula huku tukizungusha sahani. Anamaliza wali wa upande wa kulia, anaweka kijiko chini na kusema ameshiba. Siku akiamka vibaya anasema, "Kwani mnanipimia chakula kama mtoto?" Na nusu nyingine iko pale pale mbele yake, na mchuzi wake. Nikigeuza sahani anaiona, anakula. Mwanzoni aliona aibu. Siku hizi anayeona aibu ni mimi.

Uvimbe ulikuwa kwenye ubongo, upande wa kulia, na daktari aliutoa wote. Majirani wa ploti wanajua hivyo. Walikuja wakaimba, wakaleta unga na sukari, wakarudi kwao wakijua mambo yameisha. Kitu hawakuelewa, na hata mimi nilichelewa kuelewa, ni kwamba mama si kipofu. Mama mmoja wa mazoezi ya viungo kwenye kliniki ya Kajiado ndiye alitufafanulia. Alisema, "Macho yake yanaona. Ubongo ndio hauulizi tena habari za kushoto." Ukimsalimia ukiwa kushoto kwake hakujibu, na watu wanasema tangu apone amekuwa na madharau.

Kazi ya mama ni ushonaji. Alinikunjia pindo la sketi ya shule kwa sindano ya mkono, nikaivaa asubuhi haraka bila kuiangalia. Darasani msichana mmoja akaniuliza kama hiyo ni fasheni mpya, kwa sababu nusu ya pindo ilikuwa imenyooka kabisa, kazi ya mama ya zamani, na nusu ilikuwa inaning'inia na pini zake. Sikumwambia mama. Mimi si mtu wa kusema mambo. Hata jina langu likiitwa asubuhi naitikia chinichini mpaka mwalimu anarudia.

Sasa, Anti. Anti ni dada mkubwa wa baba. Ana duka Oltepesi, kwenye barabara ya Magadi, na amekaa na Wamaasai mpaka salamu yake hata kanisani ni "Sopa!" Baba anamwogopa. Baba anapakia na kupakua malori Namanga, mpakani, na anarudi Kitengela wikendi, kwa hivyo katikati ya wiki huwa ni mimi na mama tu. Baba alipokuwa nyumbani, Anti alipiga simu, na kwa vile simu ya baba inasikika tu kwa spika, sote tulisikia.

"Huyo msichana yuko kidato cha tatu," Anti alisema. "Atasoma saa ngapi na yeye ndiye nesi? Nakuja Jumamosi. Nikipata mke wetu bado hajapona, narudi naye Oltepesi akae huko mpaka apone kabisa."

Mama alikuwa anakunja nguo. Hakuinua kichwa. Simu ilipokatika akasema, "Huko kupona kabisa hata kwa kliniki hawakuniahidi. Nikitoka kwa hii nyumba sirudi. Nitakuwa mgeni wa watu mpaka nizeeke."

Baba akasema, "Huendi mahali."

"Mwambie yeye, usiniambie mimi."

Hakumwambia. Alichofanya baba ni kupanga nyumba. Ijumaa jioni alifika kutoka Namanga, hata viatu hakuvua, akasimama mlangoni akaiangalia sebule yetu vile anaangalia lori kabla halijapakiwa, mzigo gani uende wapi usije ukaanguka njiani. Alisukuma kiti cha mama mpaka mkono wa kushoto wa kiti ukagusa ukuta. Akajaribu kupita hapo mwenyewe, hakuweza, akafurahi. Hapo kushoto sasa hakukuwa na nafasi ya mtu kukaa wala kusimama kumsalimia. Chupa ya chai, vikombe, meza, viti vya wageni, vyote vilienda kulia.

"Na wewe," akaniambia, "ndiye utapakua. Ya mama weka yote upande wa kulia wa sahani. Jaza kamlima hivi, kisha ufunike kushoto na mboga, sukuma wiki kidogo, Anti asione pengo."

"Na akiniuliza?"

"Nani akuulize wewe? Wewe si huongei."

Hakusema kwa ubaya. Lakini usiku huo nililala nikiwa nimekasirika na sikujua nimemkasirikia nani. Nilitaka mama abaki. Nilitaka pia, na naandika kwa sababu ni kweli, mtu mzima aje akae na sisi ili nikiwa darasani nisiwe nafikiria jiko la gesi, kama mama ameacha upande wa kushoto ukiwaka.

Anti alifika na kikapu na maziwa ya kuganda. "Sopa, mama!" aliniita. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hivyo tangu nizaliwe mimi ndiye mama yake. Akainamisha kichwa nikiguse, vile watoto wa Kimaasai huinamia wazee. Majirani wakacheka. Nikamgusa kitambaa cha kichwa na kidole kimoja.

"Ipa," nikajibu.

"Ongeza sauti, mama. Mtoto wako ana njaa."

Aliingia. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amevaa gauni la Jumapili, na mzigo wa baba ulikaa vile ulivyopangwa. Anti aliketi kulia kwa sababu hakukuwa na kwingine. Mama alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za duka, akamkumbusha deni la utani la tangu harusi, eti bado hajaletewa mbuzi aliyeahidiwa. Anti alicheka mpaka akajipiga goti. Tulikula. Nilikuwa naangalia sahani ya mama kuliko yangu. Alikula ule mlima wote, akabakisha sukuma ya kushoto, na Anti akamwambia, "Bado hupendi mboga, wewe!"

Baba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Na hapo ndipo tulipojifungia mlango wenyewe.

"Mke wetu, wewe umepona," Anti alisema. "Mimi watu walinitisha bure. Basi kama umepona, nishonee hii." Akatoa kwa kikapu gauni lililopasuka kwapani, pande zote mbili. "Mashine iko wapi?"

Mashine iko kwenye kibanda cha mama, ng'ambo ya barabara ya Namanga. Kilikuwa hakijafunguliwa tangu augue.

"Kesho," baba akasema haraka.

"Kesho ni kanisa."

"Kuna jua sana saa hii, dadangu. Pumzika kwanza."

"Nimekuja kupumzika? Mtu aliyepona anafanya kazi. Ama kuna kitu?"

Baba aliangalia ukuta. Mama alikuwa ameshasimama. Alichukua funguo kwenye msumari, ulio kulia kwa mlango, na akasema, "Twende."

Kutoka kwetu hadi barabarani ni mwendo mfupi wa vumbi. Mama alitangulia. Nilitaka kukimbia nikae kushoto kwake, vile tunatembea siku zote, lakini Anti alinishika bega.

"Mwacheni aende mbele. Mnamshikilia kama kuku wa kuuza."

"Dadangu, ngoja," baba akasema.

"Nataka kuona."

Niwaelezee ile barabara. Ukisimama upande wetu, magari ya karibu yanatoka kulia. Ukifika katikati, yaliyobaki yanatoka kushoto. Kwa mtu mwingine hilo si jambo. Nilifikiria hayo yote mara moja. Katika kupanga kwetu kote, hakuna aliyefikiria kwamba kuna kitu hakiwezi kusukumwa upande wa kulia.

Mama alisimama ukingoni. Akaangalia kulia. Akangoja gari dogo lipite, na lori la mawe. Akavuka nusu ya kwanza vizuri, hata kwa madaha, gauni la Anti likiwa begani. Anti akasema, "Si mnaona?"

Katikati mama alisimama, kwenye ule mstari. Kushoto kulikuwa na lori refu linakuja, na pikipiki mbele yake. Mama alikuwa anatazama mbele, kibanda chake. Kwake barabara ilikuwa imeisha magari. Niliona kisigino chake kikiinuka.

Sijui ile sauti niliitoa wapi.

"Mama! Geuka!"

Watu wote wa steji ya matatu waliniangalia. Mama alianza kugeuka. Hakugeuka kushoto, upande huo kwake haupo wa kugeukia. Alizunguka kwa kulia, polepole, miguu ikisogea kidogo kidogo, mpaka akawa ametupa uso sisi na mgongo kibanda. Hapo ndipo kushoto kwake kulikuwa kumekuja kulia, na lile lori akaliona. Lilipita nyuma yake likapeperusha gauni lake na kitambaa chake kikateleza. Wakati wote huo alikuwa ananitazama mimi.

"Mathe, ni wimbo gani huo tuwekewe na sisi?" kijana wa bodaboda akampigia mama kelele, kana kwamba alikuwa anacheza dansi. Wenzake wakacheka.

Mama akangoja barabara iwe tupu. Akamalizia kuzunguka, akavuka.

Anti hakuwa anacheka. Hakumuuliza baba. Aliniinamia mimi, na safari hii haikuwa mchezo.

"Mama, niambie. Ni nini nimeona?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Kushoto hakuko," nikasema. "Hakuoni. Tulipanga viti."

"Mlinipangia viti."

"Ndiyo, Anti."

"Na wewe unasema aje? Niende naye?"

Hakuna mtu alikuwa amewahi kuniuliza kitu kama hicho. Nikasema mama abaki, lakini watu waambiwe. Nikasema, nadhani, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza pikipiki ilipita.

Tulivuka. Mama alikuwa ameshafungua kufuli, anapangusa mashine vumbi, upande mmoja. Anti alimwambia, "Mke wetu, nimeambiwa." Mama aliendelea kupangusa. Alinijibu mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu.

"Nilikuwa nageuka."

"Mama, kisigino—"

"Kule kliniki nilifundishwa. Ukisimama, zunguka kwanza. Nilikuwa nageuka. Wewe uliniharibia mbele ya watu wote wa steji."

Labda ni kweli. Nimejaribu kukumbuka kile kisigino mara nyingi na kila mara kinaniambia jambo tofauti.

Anti hakuenda naye. Alimsema baba mpaka jua likashuka, akamwita mpumbavu mwenye akili ya turubai, ya kufunika mzigo tu, kisha akarudi Oltepesi Jumapili baada ya kanisa, peke yake, na gauni lake limeshonwa kwapa zote mbili kwa sababu mimi nililigeuza. Sharti lake lilikuwa moja: mama akivuka, avuke na mtu. Mama alikubali kwa mdomo.

Jumatatu asubuhi, nikiwa nimemsindikiza, alinyoosha moja kwa moja hadi kwa wale vijana wa bodaboda. Nilitaka ardhi inimeze.

"Wewe wa wimbo," akamwambia yule kijana. "Mimi hapa kushoto sina habari. Nilipasuliwa kichwa. Ukiniona barabarani na kitu kinakuja huku, piga honi. Umesikia?"

Kijana akavua kofia. "Nimesikia, mathe. Pole."

"Usinipe pole. Piga honi."

Basi sasa mama anavuka peke yake, nikiwa sipo, nami ninalijua hilo na Anti halijui. Kazi imeanza kurudi, mikono ya mashati kwanza, kwa sababu anaweza kuigeuza. Shule yetu haiko mbali na barabara. Tukiwa katikati ya hesabu, honi inalia, kisha nyingine, kisha nyingi pamoja, na mimi nasimamisha kalamu. Mwalimu ananiuliza nasikiliza nini. Ni barabara ya Namanga, honi zinalia siku nzima. Nangoja zinyamaze, halafu nangoja kidogo tena, kusikia kama watu wanapiga kelele.