Baba Alipoacha Kusema "Inatosha"

Aston ya utoto wangu, mtaa wa Birmingham, ilinuka kimea kilichochemshwa na siki. Harufu hiyo ilitoka viwandani, ikapenya chini ya milango ya nyumba zetu za matofali mekundu zilizobanana, ikakaa kwenye makoti na hata kwenye mkate. Tulihamia hapo mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka tisa, kutoka mji mmoja wa kaskazini karibu na mpaka wa Uskochi, ambako baa na maduka ya pombe yalikuwa mali ya serikali. Baba, Mkenya wa Taveta, mtu wa kanisa asiyeonja hata tone, alikuwa muuzaji katika mojawapo ya maduka hayo. Mshahara wake ulikuwa uleule, auze chupa moja au mia, kwa hiyo mlevi akija, Baba alimtazama usoni na kumwambia kwa upole, "Inatosha kwa leo." Walinuna, wakaenda zao, na kesho yake walimsalimia kwa heshima. Kisha serikali ikaamua kwamba kuuza pombe si kazi yake. Maduka yakanunuliwa na watu binafsi, na Baba akaachishwa kazi.

Huku Birmingham alipata kazi katika duka la pombe la mtu binafsi, si mbali na uwanja wa mpira. Mwenye duka, Mzungu mcheshi, alimsikia siku moja akimuaga mgeni wetu kwa Kiswahili, akauliza maneno yale yana maana gani. Alipoelezwa alifurahi mno. Wiki hiyohiyo akayaandika kwa rangi nyekundu juu ya kaunta: KARIBU TENA. Akamwagiza Baba amwambie hivyo kila mteja, bila kubagua. Maneno tuliyowapa wageni waliokula ugali wetu yakawa tangazo la pombe, nami niliyaonea aibu kila nilipopita dirishani.

Jirani yetu Kariuki alifanya kazi kiwandani. Bintiye Njeri alikuwa rafiki yangu wa chanda na pete. Ijumaa moja mkewe, muuguzi, aliingia jikoni kwetu bado amevaa sare, akaketi bila kuvua koti.

"Shemeji, nakuomba. Daktari amesema ini la Kariuki limeharibika. Akikuja hapo kwa duka, mwambie imeisha."

"Sitamwambia imeisha," Baba akajibu. "Nitamwambia inatosha."

Nilimwamini kabisa. Kesho yake mchana mimi na Mama tulipita dukani, tukamkuta Kariuki kwenye kaunta, pesa mkononi. Baba alifungua kinywa. Mwenye duka alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono kifuani, akitabasamu. Baba akaifunga chupa kwenye karatasi, akamkabidhi, akasema, "Karibu tena." Mama alinishika mkono tukatoka.

Kariuki alikufa kabla baridi haijaisha. Kwenye matanga, Mama Njeri alimshika Baba mikono yote miwili mbele ya watu. "Shemeji, Mungu akubariki. Uliniahidi, na hii Aston yote, ni wewe pekee ulimkatalia." Baba alitazama viatu vyake. Nilingoja aseme kitu, na nikamchukia alipokaa kimya. Nilimchukia pia yule mwenye duka mcheshi, na serikali iliyomtupa Baba kwake. Najua Kariuki angeipata chupa duka jingine. Hilo halijawahi kunipoza.

Siku hizi kwenye maduka makubwa pombe imepangwa rafu moja na nepi za watoto, na unailipia kwenye mashine isiyokutazama usoni. Inakushukuru na kukuaga. Baba naye ameshazikwa, na miaka yake ya mwisho wageni walimwona mzee mwenye maringo, maana alifunga mlango bila kuwaambia "Karibu tena." Njeri hunipigia simu kila Krismasi kutoka Nakuru. Kila mara hunikumbusha kwamba baba yangu ndiye pekee aliyemkatalia baba yake.

Nami humjibu, "Ndiyo, Njeri. Alimkatalia."